Makucha ya loda kwa trekta ndogo: ya mizizi, ya kijiko, uma wa magogo au ya kuburuta nyuma?

Watu wengi wakitaka makucha ya kufunga mbele ya trekta wanaanza na picha. Mtu anaona lile kubwa limebana gogo zima limeinuliwa juu, basi hapohapo anauliza bei na usafiri mpaka bandarini Malindi, hapa Unguja mjini. Mie nasema anza na trekta yako kwanza, khasa kama ni hizi ndogo za mitumba ya Japani tulizonazo wengi, Kubota, Yanmar, Iseki, za hospawa (nguvu za injini) 18, 20, 25, manake makucha mazuri kwenye trekta isiyoyaweza ni pesa iliyolala. Kazi yangu mie ni kusafisha mashamba huku Unguja kaskazini, na nina jamaa Pemba kwenye mikarafuu, na tunavyovitaka sie na wao havifanani kabisa, kwahivyo nitaeleza aina nne ambazo mtu wa hapa anaweza kuzifikiria, kila moja inafaa wapi na inashindwa wapi, na nitasema wazi ipi ningenunua.

Kitu cha mwanzo ni uzito na hapa ndo wanapoumia wengi. Loda ya trekta ndogo, yaani ile mikono ya mbele ya kuinulia mzigo, imeandikwa inainua kilo kadhaa, tuseme 400. Hiyo 400 kwa kawaida imepimwa kwenye pini, pale mikono ya loda inaposhikana na kijiko, sio kule mbele mzigo unapokaa. Sasa wewe unatoa kijiko unafunga makucha ya kilo 180, zimebaki 220, alafu gogo lenyewe halikai kwenye pini linakaa nusu mita mbele yake, kwahivyo hata hizo zilobaki huzipati zote. Chukua mfano wa mzigo wetu wa kila siku: kipande cha mnazi cha mita mbili chenye unene wa sentimita 30 kina ujazo wa kama lita 140, kikiwa kibichi kimejaa maji hukosi kilo mia na kitu. Jiwe la matumbawe la sentimita 40 kila upande ni lita 64, nalo linapita mia. Yaani vipande viwili vya mnazi tu na trekta ishafika mwisho. Ndo mana mtu akiniambia kapata makucha mazito ya chuma kinene kwa bei rahisi namuuliza uzito kabla ya bei, manake kila kilo ya chuma unayoifunga mbele ni kilo ya gogo ambayo hutoibeba.

Kwa trekta za kiasi hichi upana wa mita 1.2 unatosha. Ukiwa na hospawa 30 kwenda juu unaweza kwenda mita 1.5, na ya mita 1.8 waachie wenye trekta kubwa. Wauzaji watakwambia pana inafanya kazi haraka, sawa, lakini pana ni nzito, na kwenye shamba lenye minazi iliyopandwa karibukaribu au katikati ya mikarafuu pana inakwaruza kila mti unaopita. Kipimo kizuri ni upana wa trekta yenyewe, magurudumu ya nyuma kwa nje, usizidishe.

Makucha ya mizizi

Haya ndo yenye meno matupu chini, yamepinda mbele, hayana sakafu, na juu kuna mdomo unaofunga kwa jeki ya haidroliki. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu kwa Unguja ndo ninayoyapenda kuliko yote na sababu yangu kubwa ni minazi.

Shamba likiwa na minazi mikongwe, iliyokatwa au iliyoanguka, magogo yake yanaachwa yaoze hukohuko, na watu wanaona ni uchafu tu. Si uchafu tu. Gogo la mnazi linalooza ndo nyumba ya chonga, yule dudu mweusi mwenye pembe. Anataga ndani yake, funza wanakula humo na kukua, wakishapata mbawa wanaruka kwenda kutoboa moyo wa minazi iliyo hai, na ndo unaona makuti mapya yanafunguka yana mikato ya pembe kama yamepunguzwa kwa panga. Ukipanda miche mipya pembeni ya magogo yanayooza unaipanda kwa ajili yake. Kwahivyo kuyatoa magogo na visiki, kuyapasua, kuyachoma au kuyapeleka kwenye tanuu la chokaa, ni kinga ya shamba, na mtu mwenye eka tatu nne za minazi mizee hawezi kuifanya kwa mikono na gari ya ng'ombe ikamalizika mwaka huo.

Sasa tizama makucha ya mizizi yanavyofanya kazi kwenye kisiki cha mnazi. Mnazi hauna mzizi mkuu, una maelfu ya mizizi membamba inatoka chini ya shina pande zote na inashika udongo ukawa bonge moja. Kisiki kibichi cha mnazi mkubwa trekta ndogo haikiwezi, usijidanganye, lakini kilichoanza kuoza au ulichokichimba pembeni kwa jembe kinatoka vizuri. Unaingiza meno chini yake upande mmoja, unakunjua kidogo mizizi ya upande ule inakatika, unarudi nyuma unazunguka unafanya upande wa pili, alafu ndo unabana juu na kuinua polepole. Likishatoka usiondoke nalo. Kunja na kunjua hapohapo mara kadhaa, udongo unapita katikati ya meno unarudi kwenye shimo lake, na lile bonge lililokuwa linaifanya pua ya trekta iiname linapungua uzito mbele ya macho yako. Kijiko chenye sakafu hakikupi hivo, kinabeba kisiki na udongo wako wote mpaka kwenye lundo.

Na majani makavu, matawi, vichaka vya mpera mwitu, makuti, hivi vyote ni vyepesi lakini vina ujazo mkubwa, hapa muhimu ni mdomo unafunguka kiasi gani. Uliza. Ukipata unaofunguka karibu mita moja utabeba lundo la makuti kwa safari moja, ukipata wa sentimita 60 utakwenda na kurudi siku nzima.

Mdomo mmoja au miwili? Ile ya midomo miwili kila mmoja na jeki yake inasifiwa sana kwa kuwa inabana magogo yasiyolingana, mmoja unashika gogo nene na mwengine unashika jembamba. Ni kweli. Lakini kwa upana wa mita 1.2 sioni haja, unaongeza jeki, paipu mbili nyengine, pini nyengine za kutia grisi na uzito juu, kwa faida utakayoiona mara moja moja. Kuanzia mita 1.5 ndo inaanza kuwa na maana. Na nguvu za kubana zisikutishe, jeki moja ya kipenyo cha milimita 50 kwa presha ya ba 170 inasukuma zaidi ya tani 3, hapana gogo la kuchomoka hapo kama umelibana katikati.

Yanaposhindwa: vitu vidogo. Makumbi yanapita katikati ya meno, vifuu vinapita, samadi kavu inapita, kokoto usijaribu. Na mashamba ya maweni, ya ardhi ya mwamba wa matumbawe, yanataka tahadhari ya peke yake. Kule upande wa mashariki na kusini, Makunduchi, Jambiani, Paje mpaka Pongwe huko, jiwe unaloliona limechomoza juu mara nyingi si jiwe la kuokota, ni mwamba umeshikana na ardhi yote ya chini. Ukiingia na meno kwa mwendo wa kulimia, jino moja likanasa, uzito wote wa trekta unasimama kwenye jino lile, na kama jino halikupinda basi mkono wa loda ndo unapinda, na huo kuunyoosha ni shida kubwa kuliko jino. Maweni makucha yanakusanya mawe yaliyokwisha kuvunjwa kwa mtaimbo na nyundo, na hapo meno yawe yamekaribiana, sentimita 15 mpaka 20, sio 25, vinginevyo mawe ya kujengea ukuta wa kuzuia nguruwe yote yanabaki chini.

Kijiko chenye makucha juu

Hichi ni kijiko cha kawaida chenye sakafu kamili, juu kimefungwa mdomo wa makucha. Ukitizama haraka unaona ndo jibu la kila kitu, kinachota mchanga na kinabana gogo, kwanini ununue chengine? Na kwa baadhi ya watu ni jibu kweli. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anayebeba samadi na majani kila siku, huyu achukue hichi asihangaike. Mwenye kazi ya makumbi vilevile. Lundo la makumbi ukiliingilia na kijiko kitupu yanateleza nusu yanarudi, ukiwa na mdomo wa kubana unajaza mpaka juu na unaondoka nayo hayamwagiki njiani.

Ila uzito. Kwa upana uleule kijiko chenye makucha kinazidi makucha ya mizizi, kwa sababu sakafu nzima ni bati nene, na kwa trekta ya hospawa 20 tofauti hiyo unaisikia. Cha pili hakitambai kwenye ardhi yenye mizizi, ule ukingo wa mbele ni wa kuchota sio wa kuingia chini ya kisiki. Cha tatu ndo hilo nililolisema la udongo. Sehemu kama Mahonda, Donge, Kinyasini udongo una kina, ukipoteza kidogo hutosikia, lakini mtu wa maweni ambaye udongo wake uko kwenye vishimo baina ya mawe, kila kijiko cha visiki anachokwenda kumwaga kwenye lundo anamwaga na udongo aliokuwa akiutafuta.

Kuna watu wanachukua kijiko chao kilekile cha zamani wanamwambia fundi achomelee mdomo mmoja na jeki. Inawezekana, na ni rahisi. Sharti moja: kijiko chenyewe kiwe kizima mgongoni. Vijiko vya loda ndogo ni bati jembamba, ukiuchomelea mdomo ukingo wa juu bila kuuongezea nguvu, siku ya kwanza ukibana gogo kwa nguvu zote ukingo unakunjika kuja mbele. Fundi aeke kwanza boriti ya mraba ukingo mzima alafu bawaba za mdomo zikae juu ya boriti sio juu ya bati.

Uma wa magogo

Hii ni fremu yenye meno mawili marefu ya kunyooka, zile za kubebea mizigo bandarini, na ukitaka unafunga kibano juu. Uzuri wake mkubwa ni kwamba inaanza kukufanyia kazi hata bila haidroliki. Nunua uma peke yake leo, funga gogo kwa mnyororo, ukipata pesa ongeza kibano baadae. Mtu mwenye msumeno anayepasua mbao za mnazi anahitaji magogo yalale sawasawa yapangwe, uma unafanya hivo kwa usafi ambao makucha ya mizizi hayawezi, hayo yanakumbata tu. Alafu siku ambayo si ya magogo uma unabeba saruji, mifuko ya mbolea, makreti ya maembe, tangi la maji.

Kwa kusafisha shamba haufai. Matawi yanaanguka pembeni, kisiki kinabiringika, na meno marefu yanakwenda kuchoma mti ulio mbele kwa sababu dereva hauoni mwisho wake. Na kwa kuwa mzigo unakaa mbali zaidi mbele, uwezo wa kuinua unapungua zaidi kuliko aina mbili za kwanza. Gogo lisukume mpaka liguse mgongo wa fremu ndo uinue, usibebe kwa ncha.

Ya kuburuta nyuma

Sasa Pemba. Kule ni vigongo na mabonde, unapanda unashuka, na mikarafuu imepandwa humohumo kwenye miteremko. Ile mikarafuu ya Unguja kimbunga cha 1872 kiliiangusha kwa wingi na Pemba ikasalimika, ndo mana mpaka leo ukisema karafuu unasema Pemba, na ndo mana kazi ya kutoa mikarafuu iliyokufa na iliyoanguka nayo ni ya huko. Nazungumzia iliyokufa na kuanguka, ya kukata ina ruhusa zake na hayo ni mambo ya wakuu wa huko.

Mti wa mkarafuu ni mgumu na mzito. Ukiubeba mbele kwa loda kwenye mteremko wa Pemba unaalika khatari, kwa sababu ambayo madereva wengi hawaijui: trekta nyingi ndogo breki ziko magurudumu ya nyuma tu. Mzigo ukiwa mbele nyuma inakuwa nyepesi, unashuka, unakanyaga breki, magurudumu ya nyuma yanasimama lakini yanateleza tu juu ya majani na trekta inakwenda. Ukitia fowili, magurudumu manne yote yakashikana, angalau injini inazuia na mbele vilevile, kwahivyo fowili inatiwa kabla ya kuanza kushuka sio katikati. Na mzigo uelekee juu siku zote, kupanda nenda mbele, kushuka rudi kinyumenyume, na uwe chini usawa wa goti.

Kwa hali hiyo jamaa zangu wa upande wa Wete mie niliwaambia waache makucha ya mbele, wachukue ile koleo ya kufunga kwenye mikono mitatu ya nyuma inayobeba plau. Haina haidroliki yoyote, inajibana yenyewe kwa uzito wa gogo ukiinua mikono, na unaburuta gogo ncha moja ikiwa juu na ncha nyengine inakokota chini. Uzito unakaa juu ya magurudumu ya nyuma ambako ndo kwenye breki na mvutano. Ni nyepesi, fundi yeyote anayejua kuchomelea anaitengeneza, na hapana paipu ya kupasuka katikati ya msitu.

Ina masharti mawili na yote ni makubwa. La kwanza mnyororo au koleo usifunge juu, pale pini ya mkono wa katikati, funga chini usawa wa mikono miwili ya chini. Ukifunga juu na gogo likanasa kwenye kisiki, trekta inainuka mbele na kumpindukia dereva, na hilo linatokea haraka kuliko mguu kufika kwenye klachi. Kama trekta yako haina lile fremu la chuma la kumkinga dereva juu, kazi hii usiifanye. La pili ni mfereji. Gogo linaloburutwa njia ileile kila siku kwenye mteremko linachimba mfereji, masika ikija maji yanaufata na unapoteza udongo wa juu wote, kwahivyo badilisha njia na usikokote ardhi ikiwa imerowa.

Mafuta ya kufungulia mdomo yanatoka wapi

Hapa ndo pesa ya pili ambayo watu hawaihesabu. Makucha yoyote yenye jeki yanahitaji paipu mbili za haidroliki zifike mbele ya loda, na trekta yako ikiwa na loda ya kawaida ina mbili za kuinua na mbili za kukunja kijiko, za makucha hamna. Njia ziko tatu.

Ya rahisi ni kama trekta ina sehemu za kutolea haidroliki nyuma, unachukua paipu ndefu unaileta mbele chini ya trekta. Mitumba mingi ya Japani haina hizo sehemu, tizama kabla ya kununua kitu. Na hata ikiwa nayo, mkono wa kufungulia uko nyuma ya kiti au pembeni, unaachia loda kila ukitaka kubana. Kwa kazi ya siku mbili kwa mwezi inavumilika.

Ya katikati ni valvu ya kugawa, inafungwa mbele kwenye loda na kitufe kwenye ule mkono unaoushika kuendeshea loda. Ukibonyeza kitufe, mafuta yaliyokuwa yanakwenda kukunja kijiko yanakwenda kwenye makucha. Huwezi kukunja na kubana kwa wakati mmoja, basi, hilo ndo kosa lake pekee, na kwa trekta ndogo mie naona ndo thamani nzuri ya pesa. Paipu ni fupi, fundi umeme wa gari anaweza kuifunga waya zake.

Ya juu ni valvu ya tatu kamili inayojitegemea, inachukua mafuta kwenye pampu kabla ya mikono ya nyuma, unafanya kila kitu pamoja. Tamu kutumia. Lakini inahitaji mtu anayejua mafuta ya trekta ile yanazunguka vipi, akikosea njia ya kurudi anaua pampu, na pampu ya trekta ya mitumba kuipata hapa mjini ni kusubiri. Kama hamna fundi unayemuamini chukua ya katikati.

Na kapla za kuunganishia zisikupite. Makucha ya Marekani yanakuja na nyuzi zao, trekta ya Japani ina zake, na kapla bapa haiingii kwenye ile ya kitufe cha duara. Toa paipu moja ya trekta yako uende nayo dukani, au mpigie picha muuzaji karibu kabisa mpaka nyuzi zionekane. Vilevile kwa kufungia: makucha mengi ya kununua yametengenezwa kwa ile sahani ya kunasa haraka, na loda ndogo za Japani nyingi utazikuta kijiko kimefungwa kwa pini moja kwa moja. Adapta ipo, lakini adapta nayo ni kilo na inasukuma mzigo mbele zaidi, tunarudi kwenye hesabu ileile. Kwa loda ya pini mie ningeagiza makucha ya pini, au ningemtengenezesha fundi.

Ya kuagiza au ya fundi wa hapa

Mafundi wetu wanaweza, nimeona kazi nzuri sana, na faida yake ni kwamba kinapimwa juu ya trekta yako na kikivunjika aliyekitengeneza yuko hapohapo. Tatizo ni chuma. Kuna tabia ya kutengeneza meno kwa springi za Fuso kwa kuwa ni ngumu. Ni ngumu kweli, lakini chuma cha springi hakipendi kuchomelewa hivihivi, kinapasuka pembeni ya welding siku ambayo hukuitegemea, na jino likivunjika limebeba gogo mtu aliye karibu anaumia. Bora bapa la chuma cha kawaida la milimita 12, likipinda linapinda taratibu unaliona, unalinyoosha. Bapa la kawaida la milimita 8 litapinda mapema mno. Ya kuagiza yale mazuri yanatumia chuma kigumu maalumu, ndo mana yanakuwa membamba na mepesi bila kupinda, na wepesi huo ndo unaoulipia, sio rangi.

Jeki na bushi za pini usimuachie fundi abuni. Jeki nunua mpya yenye sili zinazopatikana, na kila pini iwe na bushi inayobadilishwa na nipo ya grisi. Sie tunaishi na chumvi hewani. Mti wa jeki, ile fimbo ya chuma inayotoka na kuingia, ukiachwa umetoka nje mwezi mzima karibu na pwani unapata vidoti vya kutu, vidoti vinakata sili, mafuta yanaanza kutoka. Egesha makucha yakiwa yamefungwa au yamefunguka vyovyote ambavyo mti wa jeki umeingia ndani, na upake grisi sehemu iliyobaki nje. Na usiyatumie kuzoa mwani ufukweni hata hoteli wakikulipa vizuri, au kama unakwenda basi siku hiyohiyo uyaoshe na maji ya bomba kabla hayajakauka.

Uzito wa nyuma

Hakuna makucha ya mbele bila uzito nyuma, hili halina mjadala. Na hapa sie tumepata bahati ambayo nchi za baridi hawana: tunaweza kujaza magurudumu ya nyuma maji matupu. Wao lazima wachanganye dawa yasigande, sie hapana haja. Jaza mpaka usawa wa nipo ya kutilia upepo ikiwa juu kabisa, ile robo ya juu inabaki upepo. Lakini maji yawe matamu. Visima vingi vya pwani vina chumvi, maji yale yanakula ringi kutoka ndani na hutojua mpaka itoboke. Pamoja na hayo funga kitu kwenye mikono ya nyuma, rotaveta yako yenyewe inafaa, au pipa nusu ulilolijaza zege. Lita 100 za zege ni kilo 240 hivi, kwa trekta ya hospawa 20 inatosha, usijaze pipa zima.

Sasa ningenunua nini. Unguja, shamba la minazi na vichaka, udongo wa kawaida, trekta ya hospawa 18 mpaka 28: makucha ya mizizi, mita 1.2, mdomo mmoja, yasiyozidi kilo 150, valvu ya kugawa. Hapo sina shaka hata chembe. Mfugaji au mtu wa makumbi: kijiko chenye makucha, lakini trekta isiwe chini ya hospawa 25. Mwenye msumeno: uma. Maweni ya kusini na mashariki: mizizi yenye meno yaliyokaribiana, na dereva mpole. Pemba kwenye miteremko: koleo ya nyuma, na pesa iliyobaki tengenezea lile fremu la kumkinga dereva kama trekta haina. Pemba ya tambarare, upande wa Micheweni na mabonde ya mpunga, unaweza kufata ya Unguja, ila bondeni ukishaona matope usiingie na mzigo mbele, magurudumu ya mbele ni madogo na yatazama kabla hujafika tutani.

Kabla hujatuma pesa kwa muuzaji mwambie akupe vitu hivi kwa maandishi: uzito wa makucha bila adapta, mdomo unafunguka sentimita ngapi, nafasi baina ya meno, unene wa meno, kipenyo cha jeki, aina ya kapla na aina ya kufungia. Akikujibu uzito tu kwa kukisia, mwambie ayapandishe kwenye mizani akupigie picha.